Asha, Aisha, Aysha: Jina Moja na Tahajia Zake katika Kiswahili cha Unguja

Utangulizi



Msafiri anayetoka Mjini Unguja kuelekea uwanja wa ndege hupita Kiembe Samaki. Jina la mtaa huo huandikwa kwa namna mbili. Katika baadhi ya maandishi ni maneno mawili, Kiembe Samaki. Katika mengine, hasa yale ya uchaguzi ambamo ni jina la jimbo, ni neno moja, Kiembesamaki. Tofauti hiyo haimpotezi dereva wala abiria. Mahali ni pamoja, wakaazi ni wale wale, na anayeandika kwa namna moja hueleweka na anayesoma kwa namna ya pili.

Jina la mtu halina bahati hiyo. Na ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya kukisia katika mtaa huo huo. Bibi wa nyumba anaitwa Asha. Mjukuu wake alipozaliwa alipewa jina la bibi, lakini katika cheti chake cha kuzaliwa limeandikwa Aisha. Mjukuu huyo naye sasa ana binti, na binti huyo, kwa heshima ya mkuu wa ukoo, amepewa jina lile lile; safari hii wazazi wameliandika Aysha. Majirani hawaoni la ajabu. Siku ya akika walisikia kwamba mtoto amepewa jina la bibi yake mkuu, wakaomba dua, wakala pilau, wakarudi makwao. Lakini mwalimu anayeandikisha watoto, karani wa hospitali na afisa wa pasipoti wanaona majina matatu.

Nani ana haki katika jambo hili, majirani au makaratasi? Mhadhara huu unalijadili swali hilo kwa kufuatilia asili ya jina Asha, maana yake, na njia ambazo limepitia hadi kufikia tahajia zake za leo. Hoja yake kuu ni kwamba hakuna hata moja kati ya tahajia hizo iliyo kosa. Kila moja ni kumbukumbu ya njia ambayo jina lilipita kuingia katika maandishi: njia ya sikio, njia ya kitabu, au njia ya pasipoti. Anayeisahihisha tahajia ya mtu hufuta kumbukumbu hiyo, na wakati mwingine hufuta haki pamoja nayo.

Mzizi na maana

Jina hili ni la Kiarabu kwa asili. Mzizi wake una konsonanti tatu, ain, ya na shini, na dhana yake ya msingi ni kuishi. Kutokana na kitenzi chenye maana ya kuishi, Kiarabu huunda jina la mtendaji, na umbo la kike la jina hilo ndilo hili linalojadiliwa. Kwa hiyo maana yake ni "mwenye kuishi" au "aliye hai". Ni jina na dua kwa pamoja, kwani mzazi anayemwita mtoto wake "mwenye kuishi" katika zama ambazo watoto wengi walikufa wachanga alikuwa akimwombea umri.

Jina lilienea katika ulimwengu wa Kiislamu kwa sababu ya aliyelibeba. Bibi Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume Muhammad na mmoja wa wale wanaoitwa Mama wa Waumini, aliyefariki mwaka 58 Hijria, yaani 678 Miladia, ni miongoni mwa wapokezi wakubwa wa hadithi; wanazuoni huhesabu hadithi 2,210 zilizopokewa kupitia kwake. Palipofika chuo cha Kurani, jina lake lilifika pia. Ndiyo maana haishangazi kulikuta katika kila kijiji cha Unguja na Pemba.

Jambo ambalo pengine halikumbukwi mara nyingi ni kwamba mzizi huu haukuingia katika Kiswahili kupitia jina la mtu peke yake. Kitenzi "ishi" kimetoka humo. Nomino "maisha" imetoka humo. Neno "aushi", linalotumika kwa maana ya umri wote au daima, nalo ni la ukoo huo. Kwa hiyo Mswahili anaposema kwamba Asha anaishi maisha mema, ametumia mzizi mmoja mara tatu katika sentensi moja, bila ya kuhisi. Jina hili halikubaki kuwa mgeni katika lugha, kwa kuwa ndugu zake wamo katika mazungumzo ya kila siku, na maana yake inaweza kufafanuliwa kwa Kiswahili kitupu.

Njia ya sikio na njia ya kitabu

Umbo la Kiarabu sanifu la jina hili lina ain mwanzoni, kisha irabu ndefu "a", kisha hamza, kisha "i", kisha silabi "sha". Ain haimo katika mfumo wa sauti wa Kiswahili, nayo hudondoshwa, kama ilivyodondoshwa katika Ali, Omari na Abdalla. Hamza iliyo katikati ya neno nayo haina nafasi. Kinachobaki ni "a" na "i" zikiwa jirani.

Kiswahili kina maneno mengi yaliyopita katika kalibu hiyo hiyo ya Kiarabu. Naibu, kaimu, daima, faida na taifa yote yana asili ya umbo lenye irabu ndefu "a", hamza na "i". Katika maneno hayo yote irabu mbili zimehifadhiwa, kila moja ikiwa silabi yake, na mkazo umeangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kanuni ya Kiswahili inavyotaka. Mswahili husema na-i-bu, fa-i-da, ta-i-fa, akitia mkazo kwenye "i". Kwa kalibu hiyo, umbo linalotarajiwa la jina hili ni A-i-sha, lenye silabi tatu na mkazo kwenye "i". Umbo hilo ni la kawaida kabisa, na limetokana na kusoma.

Asha, basi, imetoka wapi? Jawabu lililo karibu zaidi na ushahidi ni kwamba imetoka katika Kiarabu cha mazungumzo. Lahaja nyingi za Kiarabu huidondosha hamza ya katikati, na jina huwa na silabi mbili, ya kwanza ikibeba mkazo: karibu na "Aysha" au "Esha". Waomani na Wahadhrami waliofanya maskani Unguja hawakuwa wakiitana kwa Kiarabu cha msahafu. Walipomwita mtoto uani, waliita kwa ulimi wa nyumbani, na Mswahili aliyesikia aliyachukua aliyoyasikia: silabi mbili, mkazo mwanzoni. Kiswahili hakipendi silabi inayofungwa na "y", kwa hiyo sauti hiyo ilipotea katika Asha, au ilichanganyika na "a" na kuzaa "e" katika Esha, umbo linalosikika zaidi Mombasa na Lamu. Badiliko hilo la pili si geni. Ni lile lile lililozaa "heri" kutokana na neno la Kiarabu lenye "ay", na lililowapa watu wa Bara Sefu mahali ambapo Wazanzibari wengi huandika Seif.

Hapa panajitokeza jambo la kuzingatiwa. Katika Kiarabu sanifu mkazo wa jina hili uko mwanzoni, juu ya irabu ndefu. Asha imeuhifadhi mkazo huo mahali pake. Aisha, ikisomwa Kiswahili, imeuhamisha. Mara nyingi husemwa kwamba Aisha ndilo jina lenyewe na Asha ni matamshi yaliyopotoka. Ushahidi wa sauti hauruhusu hukumu hiyo. Aisha imehifadhi irabu na kupoteza mkazo. Asha imehifadhi mkazo na kupoteza irabu. Kila moja imelipa gharama yake kuingia katika Kiswahili.

Hali hiyo haikulihusu jina hili peke yake. Fatima wa kitabu yuko sambamba na Fatma wa Unguja na Fatuma wa mwambao mzima. Salma hukutana na Salme. Binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, hutajwa katika vitabu kwa maumbo ya Salme, Salma na Salama, na wasomaji wote hujua kwamba anayekusudiwa ni mmoja.

Kisha lipo jina ambatani. Zamani mwanamke wa heshima aliitwa kwa kutanguliza "Mwana", na kutokana na desturi hiyo yamebaki majina kama Mwanajuma na Mwanakhamis. Pamoja na jina hili yalipatikana Mwanaisha, Mwanaasha na Mwanaesha. Katika Mwanaisha irabu "a" ya mwisho wa "Mwana" imekutana na "a" ya mwanzo wa "Aisha" na zikawa moja, kama inavyotokea mara kwa mara katika maneno ya Kibantu. Visiwani Komoro, ambako "Mwana" huandikwa "Moina" kwa kufuata tahajia ya Kifaransa, jina hilo ni Moinaecha. Anayeliona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni jina la kigeni kabisa. Akilisoma kwa sauti atamkuta Mwanaesha.

Majina yanayofanana yasiyo ndugu

Mtafiti wa majina anapaswa kujihadhari na mfanano wa herufi. Yapo majina na maneno yanayokaribiana na Asha bila ya kuwa na udugu nayo.

La kwanza ni Ashura. Jina hili limetokana na siku ya Ashura, tarehe 10 ya mwezi wa Muharram, na mzizi wake ni ule wa hesabu ya kumi. Halikuzaliwa kutokana na Asha. La pili ni "isha", sala ya usiku, ambayo mzizi wake wa Kiarabu ni mwingine. La tatu ni kitenzi cha Kibantu "isha", chenye maana ya kufika mwisho. Mtu asiyezingatia historia anaweza kuligawa jina Aisha kuwa "a-isha" na kulipa maana ya kumalizika. Tafsiri kama hiyo ingelipindua jina juu chini: jina la uhai lingekuwa jina la ukomo.

Katika mji wenye mchanganyiko wa watu kama Unguja, lipo tatizo gumu zaidi. Miongoni mwa Wahindi, Asha ni jina kamili lenye asili ya Kisanskriti, na maana yake ni tumaini. Na katika lugha ya kale ya maandiko ya dini ya Waparsi, ambao jamii yao nayo iliishi Mji Mkongwe, "asha" ni neno linalobeba dhana ya ukweli na utaratibu wa haki. Kwa hiyo Asha wawili walioketi dawati moja la skuli wanaweza kuwa na herufi zile zile nne na wasiwe na jina moja. Mmoja ni mwenye kuishi, wa pili ni tumaini.

Mfano huu una uzito katika hoja iliyotangulizwa. Ikiwa herufi zinazolingana zinaweza kuficha majina mawili, basi herufi zinazotofautiana zinaweza kuficha jina moja. Tahajia peke yake haitoshi kuamua utambulisho wa jina. Panahitajika historia ya mapokezi, na panahitajika ushuhuda wa jamii inayolitumia.

Ndugu wa mbali

Kulitazama jina hili nje ya mwambao kunasaidia kuona kwamba yaliyotokea Unguja yametokea kila lilikopita. Waturuki huandika Ayşe. Wamalei na Waindonesia huandika Aisyah. Katika nchi zilizotawaliwa na Wafaransa ni Aïcha, umbo lililotangazwa duniani na wimbo wa mwimbaji wa Algeria, Khaled, mwaka 1996. Wahausa wana Aishatu, na katika nchi za Afrika ya Magharibi zinazotumia Kifaransa liko Aïssatou. Maumbo haya mawili yamehifadhi "t" ya mwisho wa jina la Kiarabu, ambayo Kiswahili kiliiacha. Barani Hindi, tahajia ya Kiingereza iliyozoeleka ni Ayesha.

Umbo hilo la Ayesha ndilo alilolitumia mwandishi wa Kiingereza H. Rider Haggard katika riwaya yake iliyotoka kitabu mwaka 1887, inayosimulia safari iliyoingia bara kutoka pwani ya mashariki ya Afrika. Aliandika Ayesha, lakini akaweka tanbihi ya kumwelekeza msomaji kwamba jina litamkwe kwa silabi mbili, karibu sawa na Asha wa Unguja. Kwa maneno mengine, alifuata kitabu katika kuandika na akafuata sikio katika kutamka.

Marekani, hasa kuanzia miaka ya 1970, Waamerika Weusi waliotafuta majina yenye uhusiano na Afrika walilichukua Aisha kwa wingi. Mwanamuziki Stevie Wonder alimpa binti yake jina hilo mwaka 1975, na mwaka uliofuata akatoa wimbo wa kumshangilia. Pamoja na Aisha palizuka Iesha na maumbo mengine yaliyofuata namna Kiingereza kinavyoziandika sauti. Katika vitabu vya majina vilivyouzwa huko limo pia Eshe, likielezwa kuwa ni jina la Kiswahili lenye maana ya uhai. Maelezo hayo ni sahihi kwa nusu. Maana imehifadhiwa vyema. Asili imefupishwa, kwani Kiswahili kililipokea jina kabla ya kulipeleka mbele. Lakini hata ufupisho huo una funzo. Kwa macho ya wazazi wale, umbo la mwambao lilikuwa na hadhi ya kutosha kuvuka bahari likiitwa la Kiswahili, wakati ambapo mwambao wenyewe ulikuwa umeanza kulionea haya.

Hati za Kiarabu na hati za Kirumi

Kwa karne nyingi suala la tahajia ya jina hili halikuwapo Unguja. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na katika hati hizo jina lilikuwa na maandiko yake yaliyokubaliwa. Kadhi aliyeandika mirathi, mfanyabiashara aliyeandika deni na mzazi aliyeandika barua waliliandika kwa namna ya Kiarabu, kisha kila mmoja akalisoma kwa ulimi wake. Msomi alisoma Aisha, mama wa nyumbani alisoma Asha, mgeni kutoka Lamu alisoma Esha. Maandishi yalikuwa mwavuli mmoja, na matamshi yote yalipata kivuli chini yake.

Hati za Kirumi zilibadilisha hali hiyo. Misheni ya Waanglikana ilikuwa na makao Mbweni, si mbali na Kiembe Samaki, na Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wake, alichapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Tahajia ya Kirumi ilikwenda ikiimarika hadi mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Sifa kubwa ya tahajia hiyo ni kwamba huandika sauti: kinachosikika ndicho kinachoandikwa. Kwa maneno ya kawaida, sifa hiyo ni neema. Kwa majina ya watu, ilileta ulazima ambao haukuwapo. Karani aliyeshika kalamu alilazimika kuchagua moja kati ya matamshi, na alilolichagua likawa jina la mtu kisheria.

Usanifishaji ulishughulikia maneno ya lugha. Majina ya watu uliyaacha nje. Kamusi za Kiswahili, ikiwemo Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA la mwaka 2010, hazina kazi ya kuorodhesha majina ya watu. Kwa hiyo kila ofisi na kila ukoo ulijiwekea desturi. Wazanzibari wengi waliendelea kuandika Khamis, Nassor, Yussuf na Othman, wakihifadhi alama za Kiarabu ambazo Kiswahili sanifu hakizihitaji, wakati Bara paliandikwa Hamisi, Nasoro, Yusufu na Athumani. Hata jina la mwandishi mkubwa wa Tanga, Shaaban Robert, lina "a" mbili, wakati wajina wake wengi wa Bara huandikwa Shabani.

Tahajia mpya

Aysha ni umbo la kizazi cha pasipoti na simu. Uwanja wa ndege ulio jirani na Kiembe Samaki umeufanya mtaa huo kuwa mlango wa safari za Muscat, Dubai na kwingineko, na majina husafiri pamoja na watu. Herufi "y" katika Aysha imetokana na namna majina ya Kiarabu yanavyoandikwa kwa Kiingereza. Wazazi wanaoichagua hutoa sababu mbalimbali: ni ya kisasa, iko karibu na Kiarabu, au inampambanua mtoto na Asha wengine wa skuli.

Wazee huliona badiliko hilo kuwa ni kulikimbia jina la mabibi. Lawama hiyo ina sehemu ya ukweli, kwa kuwa Asha limekuwa likionwa na baadhi ya vijana kuwa jina la kizamani. Lakini isimu ina neno la kuongeza. Katika Kiswahili "y" ni konsonanti inayotangulia irabu, kama katika yai na yangu; haifungi silabi. Anayesoma Aysha hana nafasi ya kutamka silabi tatu. Hulazimika kutamka mbili, na kuweka mkazo kwenye ya kwanza. Kwa hiyo kitukuu Aysha, akiitwa kutoka dirishani, anaitikia sauti iliyo karibu zaidi na ile aliyoitikia bibi yake mkuu Asha kuliko ile ya mama yake Aisha. Tahajia iliyodhaniwa kuliacha jina la kale imelirudisha mlangoni kwa sauti.

Hilo halina maana kwamba sababu zote za kuchagua Aysha ni njema. Tahajia ikichaguliwa kwa kuwa ya bibi inaonewa aibu, hasara si ya isimu peke yake. Unguja inajua uzito wa jina. Mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa, jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa, na ulimwengu ukaja kumjua kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Aliyepita kutoka jina la kwanza hadi la pili alivuka zaidi ya herufi. Lakini Asha halina cha kuvukwa. Lina maana njema, lina nasaba njema, na limebebwa na wenye hadhi: Asha-Rose Migiro alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2007 hadi 2012, na hapakuwa na ulazima wa kuliongezea jina lake "i" wala "y" ili liingie New York.

Somo na daftari

Lugha yenyewe imehifadhi chombo cha kulijibu swali lililoulizwa mwanzoni. Chombo hicho ni neno "somo". Mbali na maana ya kinachosomwa, na maana ya mwanamke anayemfunda mwari, neno hili hutumika kwa watu wanaochangia jina. Wawili wenye jina moja huitana somo, au wajina, na uhusiano huo hubeba upendo, utani na wajibu. Mtoto aliyepewa jina la bibi yake ni somo wa bibi yake.

Je, Asha na Aisha ni somo? Kwa desturi ya mwambao, naam. Bibi Asha humwita mjukuu wake Aisha "somo yangu" bila ya kusita, na hakuna anayemwomba athibitishe kwa herufi. Fatma na Fatuma ni somo. Khamis na Hamisi ni somo. Kwa upande wa pili, Asha mwenye kuishi na Asha wa tumaini wanaweza kuitana somo kwa mzaha wa dawatini, lakini hakuna kati yao aliyerithi jina kutoka katika ukoo wa mwenzake. Kigezo cha jamii, kwa hiyo, ni mapokezi ya jina.

Kigezo cha daftari ni kingine: mfuatano wa herufi. Zamani daftari lilikuwa mkononi mwa karani aliyewajua watu, na tofauti ndogo zilisamehewa kwa kufahamiana. Mashine haifahamiani na mtu. Palipo na vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi, vyeti vya mitihani vya Baraza la Mitihani la Tanzania, hati za ardhi, akaunti za benki na pasipoti, mwanamke aliyeandikwa Asha katika cheti cha kuzaliwa, Aisha katika cheti cha kidato cha nne na Aysha katika pasipoti anaweza kuhesabiwa kuwa watu watatu. Gharama yake ni viapo, safari za ofisini, kuchelewa kwa masomo au mirathi. Mara nyingi anayeilipa hakushika kalamu hata mara moja katika hizo tatu. Mwalimu "alimsahihishia" jina akidhani anamsaidia. Karani alimwandika kama alivyosikia. Wakala wa safari alimwandika kama alivyozoea.

Ndipo linapoonekana jukumu la wanaosoma lugha. Kwanza, mwalimu asiisahihishe tahajia ya jina la mwanafunzi. Kanuni za tahajia zinatawala neno "maisha", hazimtawali Asha. Ajue mzizi, aueleze darasani, lakini aandike kama cheti kinavyosema. Pili, usajili wa raia, ambao Zanzibar umekabidhiwa kwa wakala maalumu kwa sheria ya mwaka 2018, unahitaji orodha za maumbo ya majina zilizotayarishwa na wanaisimu, zitakazoonesha kwamba Asha, Aisha, Esha na Aysha huweza kuwa jina moja, ili mashine iulize kabla ya kukataa. Orodha hizo ziwe za kuunganisha; zisiwe za kulazimisha umbo moja. Tatu, wanafunzi wa isimu wakusanye majina kutoka kwa wazee wa mitaa, pamoja na matamshi yake na habari za nani alimpa nani, kwa sababu mapokezi ya jina hayaandikwi katika cheti chochote.

Hitimisho

Mhadhara huu umeonesha kwamba Asha, Aisha na Aysha ni maumbo ya jina moja lenye maana ya mwenye kuishi. Kwamba Asha lilipita katika sikio, Aisha katika kitabu na Aysha katika pasipoti. Na kwamba kila umbo limehifadhi kitu ambacho mengine yamekipoteza. Umeonesha pia kwamba herufi zinazolingana si dhamana ya jina moja, na zinazotofautiana si ushahidi wa majina mawili.

Katika nyumba ile ya kukisia ya Kiembe Samaki, bibi, mjukuu na kitukuu wanaitana somo. Hukumu yao ni ya kitaalamu kuliko ya daftari, kwa sababu imejengwa juu ya kumbukumbu ya nani alilipokea jina kutoka kwa nani. Daftari linaweza kufundishwa kuiheshimu hukumu hiyo, na watakaolifundisha ni hao wanaojifunza leo kwamba "ishi", "maisha" na "Asha" ni watoto wa mzizi mmoja.